Kuweka tovuti ya biashara yako kwenye saraka za mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwenye duka, fundi, mwenye gesti, mama wa keki au kampuni ndogo ya utalii ambaye tayari ana tovuti, au yuko mbioni kuipata, na anataka wateja waikute. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi, ila msomaji wa Mombasa, Nairobi au Unguja hatapotea njia.

Saraka ya mtandaoni ni kitu gani hasa?

Ni orodha ya biashara iliyopangwa kwa aina na mahali, ambapo kila biashara ina ukurasa wake mdogo wenye jina, simu, anwani, saa za kazi na linki ya tovuti. Babu yake ni kile kitabu kinene cha simu chenye kurasa za njano.

Zamani saraka ndizo zilikuwa mlango wa intaneti yenyewe. Yahoo ilianza 1994 kama orodha ya tovuti iliyopangwa kwa mkono na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo. Mwaka 1998 ikaja DMOZ, iliyohaririwa na watu wa kujitolea, na kuingizwa humo ilikuwa heshima: unaomba, unasubiri miezi, pengine usijibiwe kabisa. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ ikafuata Machi 2017. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuahidi leo kukuingiza DMOZ, jua anakuuzia kiwanja baharini.

Siku hizi saraka zenye nguvu zimejificha ndani ya ramani. Mtu akiandika kwenye simu "duka la spea karibu nami", zile biashara tatu zinazojitokeza juu pamoja na pini na nyota zinatoka kwenye saraka ya Google, yaani Google Business Profile. Watu wengi hawajui kwamba hiyo nayo ni saraka, na kwamba wanaweza kuingia humo bila kumlipa mtu.

Tovuti yangu haionekani nikitafuta Google. Nikijiandikisha kwenye saraka itaonekana?

Hayo ni mambo mawili. Kwanza hakikisha Google inaijua tovuti yenyewe: andika kwenye kisanduku cha kutafutia neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yako bila nafasi katikati. Zikitokea kurasa zako, Google inazo, tatizo liko kwenye ushindani au kwenye maneno uliyotumia. Kisipotokea kitu, fungua akaunti ya Google Search Console, chombo cha Google cha kuangalia inavyoiona tovuti yako, thibitisha kwamba tovuti ni yako, wasilisha ramani ya tovuti (sitemap, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako), na uangalie kama fundi hakusahau kuondoa ile alama ya kuzuia Google aliyoiweka wakati wa kujenga. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Saraka husaidia Google kuigundua tovuti kupitia linki, na husaidia zaidi kuithibitishia kwamba biashara ipo kweli, mahali fulani, yenye simu fulani. Lakini haiponyi tovuti yenye ukurasa mmoja wa "Karibu sana" na picha ya jengo.

Saraka ziko nyingi. Nianze na zipi?

Anza na Google Business Profile. Ni bure, na kwa duka au ofisi ya mtaani ndiyo inayoleta simu nyingi. Usihamie nyingine mpaka hii imekamilika na kuhakikiwa.

Ya pili ni Bing Places ya Microsoft, si kwa sababu wateja wetu wanatumia Bing sana, bali kwa sababu inakuruhusu kuvuta taarifa moja kwa moja kutoka Google, kazi ya muda mfupi tu. Ya tatu ni Apple Business Connect, iliyofunguliwa Januari 2023. Kama una wageni wenye iPhone, watalii hasa, ramani yao ndiyo hiyo.

Ya nne watu huiruka, nami naipenda kuliko zote: OpenStreetMap. Hii ni ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, na taarifa zake hutumiwa na programu nyingine kama Organic Maps, ambayo wasafiri huipakua ili wapate ramani bila bando. Dar es Salaam ina bahati hapa. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwaingiza mtaani wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora mitaa, mifereji na majengo, kwa hiyo sehemu nyingi za uswahilini zipo kwenye ramani kwa undani ambao hutaukuta kwingine. Kibera nayo ilichorwa hivyohivyo kuanzia 2009. Ukiongeza duka lako humo, weka jina, aina ya biashara, simu, tovuti na saa za kazi, basi. Usiandike "bei poa kuliko wote", maana wahariri watafuta.

Baada ya hapo nenda kwenye saraka za fani yako. Mwenye gesti aende Tripadvisor, mwanasheria aangalie orodha ya chama chake, mkandarasi ahakikishe jina lake kwenye rejista ya bodi limeandikwa sawasawa. Saraka za jumla za nchi, zile zenye kila kitu kuanzia saluni hadi saruji, ziweke mwisho, na uchague mbili au tatu ambazo ukizitafuta mwenyewe unaziona kwenye ukurasa wa kwanza.

Nina Instagram yenye wafuasi wengi. Tovuti ya nini?

Kuingia kwenye saraka hakuhitaji tovuti. Google itakupokea hata kwa namba ya simu tu. Lakini akaunti ya Instagram ikidukuliwa au ikifungwa, kila saraka uliyoweka linki hiyo inaelekeza kwenye ukurasa uliokufa. Anwani ya .co.tz au .co.ke uliyoisajili kwa jina lako inabaki yako alimradi unailipia kila mwaka. Hata ukurasa mmoja unatosha kuanzia, wenye bidhaa, bei, mahali na kitufe cha WhatsApp.

Angalizo kwa waliowahi kutumia tovuti ndogo za bure zilizokuwa zinatengenezwa ndani ya Google Business Profile: zilizimwa Machi 2024. Kama kwenye saraka nyingine bado umeweka anwani hiyo, ibadilishe leo.

Niandae nini kabla ya kuanza kujaza fomu?

Andika kila kitu kwenye karatasi moja au kwenye simu, kisha unakili kutoka hapo kila mahali bila kubadilisha hata herufi. Saraka hulinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Ukiwa "Mtaa wa Kongo" huku na "Congo St." kule, simu ya Voda hapa na ya Airtel pale, mashine inaona biashara mbili zenye mashaka badala ya moja yenye uhakika.

Jina ni lile lililo kwenye kibao na kwenye leseni. Tuseme kibao kinasema Baraka Spea. Usiandike "Baraka Spea Original Toyota Nissan Bei Nafuu Kariakoo Dar". Google inakataza kujaza maneno kwenye jina, na mshindani wako akiripoti unaweza kusimamishwa. Maneno hayo yana mahali pake kwenye maelezo, ambako Google inakupa herufi 750, na kwenye aina ya biashara, ambako unachagua moja kuu na unaweza kuongeza nyingine hadi 9. Aina kuu ichague kwa makini kuliko kitu kingine chochote kwenye fomu. Duka la spea linalojiita "duka" tu litashindana na maduka yote ya mjini.

Simu iandikwe kwa mtindo wa kimataifa: +255 au +254, kisha namba bila ile sifuri ya mwanzo. Mtu aliye Muscat au London akibonyeza namba inayoanza na 07, haipigi popote. Na iwe namba ya biashara. Ukiweka ya kwako binafsi, utapigiwa saa tano usiku na mtu anayeuliza kama mna betri ya Vitz.

Saa za kazi ndipo penye balaa. Sisi tunafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, na fomu inataka 08:00 na 18:00. Mtu anajaza 2:00 hadi 12:00 kama anavyosema mdomoni, na simu inaelewa kwamba unafungua saa nane usiku na kufunga saa sita mchana. Mteja anakutafuta saa tisa alasiri, ramani inamwambia "Imefungwa" kwa maandishi mekundu, anaenda kwa jirani, wakati wewe uko kaunta unapiga miayo. Nikipewa saraka ya mtu niirekebishe, hapo ndipo ninapoanzia kuangalia. Weka pia saa maalumu za Ramadhani, Idi, Krismasi na siku za uchaguzi. Google ina sehemu yake na haiharibu ratiba ya kawaida.

Picha ziwe zako. Moja ya nje inayoonyesha kibao na jengo la pembeni, ili mtu akifika alitambue, ya ndani, na ya kazi yenyewe. Picha za wazungu wanaotabasamu kwenye kompyuta waachie wenye nazo.

Mtaa wetu hauna jina wala namba. Anwani niandike nini?

Tanzania Bara na Visiwani, tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022, kabla ya sensa ya Agosti mwaka ule, nyumba nyingi zimepata namba na mitaa imepata vibao. Angalia mlangoni au juu ya geti; kama huna, muulize mtendaji wa mtaa, au tumia programu ya NaPA kwenye simu. Andika namba ya nyumba, jina la barabara, kata, wilaya na postikodi. Usijaze S.L.P. kwenye sehemu ya mahali. Google haikubali sanduku la posta kama anwani ya duka.

Hata hivyo, tusidanganyane, mteja hatakuja kwa namba ya nyumba. Atakuja kwa pini. Kwa hiyo simama mlangoni pa duka, siyo sebuleni kwako Tegeta, washa huduma ya mahali (location) kwenye simu, kisha ukuze ramani na uisogeze pini kwa kidole mpaka ikae juu ya mlango. Kwenye jengo la Kariakoo lenye fremu za chini, juu na nyuma, taja na ghorofa.

Pini ikishakaa, ibonyeze: utaona msimbo mfupi wa herufi na tarakimu wenye alama ya kujumlisha katikati. Huo huitwa Plus Code. Google iliutoa kwa ajili ya sehemu zisizo na anwani, na unafanya kazi popote duniani. Uweke kwenye tovuti na kwenye wasifu wako wa WhatsApp, bodaboda akiuandika kwenye ramani anafika bila kukupigia simu mara tatu kuuliza "nimefika kwenye mwembe, sasa?"

Ile "mkabala na sheli, nyuma ya msikiti" isiingie kwenye kisanduku cha anwani. Iweke kwenye maelezo, na kwenye tovuti yako iandike kwa urefu unaotaka, kwa sababu ndivyo watu wetu wanavyoelekezana.

Napika keki nyumbani na sitaki wateja waje kwangu. Naruhusiwa?

Ndiyo. Wakati wa kujisajili Google itakuuliza kama wateja huja kwako. Jibu hapana, kisha taja maeneo unayopeleka, hadi 20. Anwani yako haitaonekana hadharani. Fundi bomba, fundi AC, mpambaji wa harusi na wapiga picha wote wanaingia hapa. Anayekataliwa ni yule anayeuza mtandaoni tu na hakutani na mteja kabisa.

Kwa mwanamke anayekaa peke yake nasema wazi: usiruhusu fundi wa tovuti akakuwekea pini ya nyumbani kwa sababu tu "inapandisha kwenye ramani". Ni kweli inasaidia kidogo. Haistahili.

Google inataka nirekodi video. Nirekodi nini?

Uhakiki kwa simu au ujumbe bado upo kwa baadhi, lakini biashara nyingi siku hizi zinaombwa video. Hairuhusiwi kurekodi mapema na kuipandisha. Unairekodi humohumo kwenye simu, bila kukata wala kuhariri, kwa sekunde 30 au zaidi. Wanataka kuona vitu vitatu: mahali, kazi, na kwamba wewe ndiye mwenyewe.

Fanya hivi. Anzia barabarani, uonyeshe kibao cha mtaa au duka la jirani lenye jina, geuza polepole hadi kibao chako. Ingia ndani ukiwa bado unarekodi. Kama unafungua kufuli, rekodi mkono wako ukifungua. Huo ni ushahidi mzuri kuliko maneno. Onyesha rafu, kaunta, mashine ya risiti ya EFD, leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani, na sehemu ambayo mteja hafiki, kama stoo. Usiongee sana na usipige picha sura za wateja. Kabla ya yote, hakikisha bando linatosha na chaji ipo, maana ikikatika katikati unarudia mwanzo.

Majibu huchukua hadi siku 5 za kazi. Fundi asiye na duka arekodi gari au begi la vifaa, kazi ikiendelea, na nyaraka zenye jina la biashara. Jina lililo kwenye nyaraka na lililo kwenye wasifu yakitofautiana, hapo ndipo wengi hukwama, kwa hiyo ambaye hajasajili jina lake BRELA, au BRS kwa Kenya, aanze huko.

Kijana aliyenitengenezea tovuti ndiye aliyefungua kila kitu kwa baruapepe yake. Sasa hapokei simu.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kwa kawaida mtu huuliza akiwa ameshahama duka na ramani bado inawapeleka wateja kwenye fremu ya zamani.

Kwa Google, fungua ukurasa wa biashara yako kwenye ramani, bonyeza sehemu ya kudai umiliki, na mfumo utakuambia kwamba tayari kuna mwenyewe, ukikuonyesha vipande vya baruapepe yake. Omba umiliki. Aliyenayo atapewa siku chache za kujibu. Akinyamaza, unaweza kupewa nafasi ya kuhakiki upya wewe mwenyewe, kwa ile video. Kwa hiyo akaunti inaweza kurudi. Kikoa, yaani anwani yenyewe ya tovuti, ni kazi ngumu zaidi: kama .co.tz yako imesajiliwa kwa jina lake na siyo lako, utahitaji msajili aliyemuuzia, nyaraka za biashara na uvumilivu.

Kwa wasiofikwa bado: tengeneza baruapepe ya biashara, wewe ndiye mwenye nywila, namba ya kurejeshea akaunti iwe yako, kisha mwongeze fundi kama meneja. Meneja anaweza kurekebisha karibu kila kitu ila hawezi kukuondoa. Siku mkiachana unamtoa kwa kubonyeza mara mbili, na hakuna ugomvi. Fundi anayekataa utaratibu huo, hata awe hodari vipi, msimpe kazi. Nasema hivyo nikiwa mmoja wao.

Nimepigiwa simu kwamba biashara yangu itaondolewa Google nisipolipa. Ni kweli?

Si kweli. Google haitozi pesa kukuweka kwenye ramani wala kukubakisha. Matangazo ya kulipia yapo, ila hayo unayafungua wewe kwa hiari yako. Na mtu yeyote akikuambia "nitumie hizo tarakimu zilizoingia kwenye simu yako", kata simu. Hizo ndizo funguo za akaunti, na mara nyingine ni za WhatsApp yako.

Utapeli mwingine huja kwa baruapepe ukiwa umevaa suti. Unapata fomu yenye nembo inayofanana na ya taasisi, imeandikwa kwamba kusahihisha taarifa zako kwenye rejista ya biashara ya dunia ni bure. Unajaza, unasaini, unarudisha. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, umekubali kutangazwa kwa euro 995 kwa mwaka kwa miaka 3. Kisha zinaanza barua za madai, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Wafanyabiashara wa Ulaya wameumizwa na mtego huu kwa miaka mingi, na sasa fomu hizo zinafika hadi hoteli za Paje na Diani. Ukishasaini, usiharakishe kulipa kwa hofu. Muone mwanasheria, na mwambie mtu wa mapokezi asisaini kitu chochote kinachoitwa rejista au saraka.

Kuna anayeuza "saraka 500 kwa elfu hamsini". Nichukue?

Usichukue. Saraka hizo 500 hazina wasomaji. Zimetengenezwa na programu ili ziuziane linki. Miaka ya 2000 mbinu hii ilifanya kazi kweli, kwa sababu Google ilihesabu linki kama kura. Aprili 2012 ikatoa badiliko lililoitwa Penguin, tovuti zilizonunua linki hovyo zikashuka, na tangu hapo mfumo wao hupuuza linki za aina hiyo au huziona kama dosari.

Kibaya zaidi ni taarifa. Ukibadilisha namba mwakani, nani atakwenda kurekebisha mahali 500 ambako huna hata nywila? Utakuwa umelipa ili namba yako ya zamani isife.

Elfu hamsini hiyo mpe mpiga picha.

Je, saraka ya kulipia ina maana yoyote?

Mara chache, ndiyo. Jiulize: nikitafuta huduma yangu na mji wangu, saraka hii inatokea? Biashara zilizomo ziko hai, au nusu ya simu hazipatikani? Piga mbili tatu uone. Kuna binadamu anayehakiki kabla ya kuweka? Ikipita hapo, lipia muda mfupi kwanza, na linki ya tovuti iwekee alama ya utm, maneno yanayoongezwa mwishoni mwa linki, ili takwimu zako zionyeshe waliotoka huko ni wangapi. Muuzaji atakuambia "watu laki mbili wanaingia kwa mwezi". Wewe unataka kujua wangapi walibonyeza jina lako.

Linki yenyewe isikuumize kichwa. Saraka nyingi huweka alama ya nofollow, iliyoanza 2005, inayoiambia Google isiihesabu linki hiyo kama kura, na linki iliyolipiwa inapaswa kuwa na alama ya aina hiyo. Mteja anabonyeza vilevile.

Nina kampuni ya utalii. Kwetu mambo ni tofauti?

Tofauti kubwa. Mgeni wenu anatafuta akiwa Berlin au Toronto, miezi kabla ya kufika, na ana hofu moja tu: kutuma pesa kwa kampuni hewa. Kwa hiyo saraka yenye uzito kwenu ni ile inayothibitisha kwamba mpo kihalali. Ni orodha za wanachama wa vyama vya kampuni za utalii: Arusha na Moshi ni TATO, Kenya ni KATO, Zanzibar ni ZATO. Humo huingii kwa kujaza fomu tu. Unaingia kwa leseni, na kwa Bara leseni hiyo ndiyo ile ya biashara ya utalii inayojulikana kama TALA. Ukishaingia, hakikisha linki inakwenda kwenye tovuti iliyo hai na siyo ile ya 2016. Nimeona kampuni nzuri zilizolipa ada ya uanachama mwaka hadi mwaka huku linki yao ikifungua ukurasa wa kikoa kinachouzwa.

Halafu Tripadvisor. Kuweka na kudai ukurasa ni bure. Wape wageni linki siku ya mwisho wa safari, wakiwa uwanja wa ndege na Wi-Fi, kabla hawajarudi kwenye kazi zao wakasahau.

Mtu kanipa nyota moja na simjui. Nifute vipi?

Huwezi kufuta mwenyewe. Unaweza kuripoti kama ni matusi, ni ya biashara nyingine, au imeandikwa na mshindani, na saraka ndiyo itaamua. Wakati unasubiri, jibu kwa upole na kwa ufupi: huna kumbukumbu ya huduma hiyo, unaomba akupigie kwa namba fulani. Jibu hilo humwandikii yeye. Unawaandikia mamia watakaosoma. Usiwape ndugu na marafiki kazi ya kukumwagia nyota tano siku moja, na usimpe mteja punguzo ili akusifie. Yote mawili yamekatazwa, na siku mfumo ukiyagundua unaondoa hata maoni ya kweli.

Nimehama duka na nimebadilisha namba. Nianzie wapi?

Usifungue wasifu mpya. Hariri uleule, ili maoni na nyota zako zihame nawe. Badilisha kwanza kwenye tovuti, kisha Google, kisha nyinginezo kwa mpangilio wa ile karatasi yako. Halafu tafuta namba ya zamani kwenye Google, ndani ya alama za kunukuu, uone imebaki wapi. Laini ya zamani ibakize hewani kwa muda, kwa kuwa laini isiyotumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye atakayepokea wateja wako.

Ukikuta pini mbili za biashara moja, ripoti iliyo ya ziada kuwa ni nakala. Usichague "imefungwa kabisa", maana mteja akiona hayo maneno atajua umefilisika.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Jinsi mteja anavyotafuta. Anayetafuta "fundi friji Mbagala" ataandika hivyohivyo. Anayetafuta hoteli Nungwi ataandika Kiingereza, Kijerumani au Kiitaliano. Maelezo ya herufi 750 yanatosha kuanza kwa lugha moja na kumalizia kwa nyingine. Ila jina la biashara halitafsiriwi.

Nataka kuondolewa kwenye saraka niliyoingizwa bila kuulizwa. Inawezekana?

Saraka nyingi huokota taarifa kwenye rejista na kwenye saraka nyingine, kwa hiyo jambo hili ni la kawaida. Mara nyingi ni afadhali kudai ukurasa na kuusahihisha kuliko kuuondoa. Lakini kama imewekwa namba yako binafsi au anwani ya nyumbani, omba iondolewe kwa maandishi, taja ukurasa wenyewe, na utunze nakala. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, yenye tume yake. Kenya ina sheria yake ya 2019 na kamishna wake. Mwenye saraka aliye ndani ya nchi akiupuuza ujumbe wako wa kwanza, wa pili uutume ukiwa umeitaja sheria hiyo kwa jina na mwaka, na nakala uielekeze kwa tume au kwa kamishna.